Harufu ya Klachi Niliyoinyamazia

Msamvu, Morogoro

Baba yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mdogo wangu Tatu aliniambia umeanza kwenda msikitini bila fimbo, nikashukuru sana. Akaniambia pia kwamba masikio yamegoma kabisa, kwamba ukipewa simu unaitikia "eeh, eeh" ili anayepiga asijisikie vibaya. Ndiyo maana nakuandikia. Na hata kama ungekuwa unasikia vizuri, haya nisingeweza kuyasema kwa simu. Usimpe Tatu akusomee, Baba. Vaa miwani usome mwenyewe.

Mimi ni mzima. Bado niko gereji ileile karibu na stendi, mwaka wa tatu sasa, mwanamke peke yangu katikati ya mafundi saba. Wameshanizoea. Mteja akija akauliza fundi yuko wapi, siku hizi wananionyesha bila kucheka. Yupo mmoja, Rajabu, kanizidi kama miaka kumi, hodari wa giaboksi na mtu wa maneno machache. Ana tabia ya kusimama nyuma yangu nikiwa kazini, mikono kifuani, ananiangalia tu. Hajawahi kunikosea adabu. Lakini macho yake yalikuwa yananifanya niharakishe kusema kabla sijapima, na hilo ndilo lililoniponza.

Mwezi uliopita, siku ya Alhamisi, alikuja Mzee Kobelo, mkulima wa kabichi na njegere kutoka kijiji kimoja kupita Mgeta, juu huko Uluguruni. Ana pikapu kuukuu ambayo kijijini kwao ndiyo gari la mazao, la misiba na la wagonjwa. Alisema limeishiwa nguvu: akikanyaga mafuta injini inalia, gari halipandi. Nikakanyaga pedeli ya klachi, nikaona haina nafasi ya kucheza hata kidogo, inashikia juu kabisa. Nikasema kwa sauti ili Rajabu asikie kwamba waya wa klachi umekazwa mno, nikiulegeza tatizo limekwisha.

Sikudanganya, waya ulikuwa umekaza kweli. Lakini wewe ulinifundisha kwamba waya hukaza wenyewe sahani ya klachi inapolika. Ulinifundisha pia kwamba kabla ya kutamka lolote juu ya klachi, vuta handbreki, tia gia ya tatu, achia klachi taratibu: injini ikizima, klachi ni nzima, ikiendelea kunguruma, imekwisha. Ni jambo la nusu dakika. Sikulifanya, kwa sababu nilikuwa nimeshasema na watu wameshasikia.

Nililegeza waya, nikampakia mzee, tukalijaribu kwenye mwinuko wa kuelekea Kilakala. Katikati ya mwinuko injini ikapanda sauti, mwendo ukabaki uleule. Halafu ikaja ile harufu, kama gunia linaloungua. Unaijua, Baba. Mzee alikuwa anatazama nje. Nikashusha kioo changu, nikageuza gari. Gerejini Rajabu akaniuliza kama liko sawa, nikamjibu liko sawa.

Mzee alikuwa ameshakaa kwenye usukani aliponieleza juu ya binti yake. Anaitwa Paskalina, mjamzito, siku zake zimekaribia. Mtoto wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, hivyo aliambiwa huyu asizaliwe nyumbani, azaliwe hospitali ya mjini. Mzee alitaka kumshusha wiki inayofuata. Nafasi ya kumwambia shuka, tulifungue, ilikuwa palepale. Nikamtakia safari njema.

Jumatatu saa mbili asubuhi alinipigia. Uchungu ulikuwa umemwanza Paskalina mapema kuliko walivyotegemea. Walimpakia, wakateremka hadi kijito kilicho chini ya kijiji, na pale barabara inapoanza kupanda kuelekea Mgeta gari likakataa. Injini inanguruma, magurudumu hayageuki, moshi unatoka chini. Malori ya mboga yalikuwa yameshashuka mjini tangu alfajiri, na gari la wagonjwa la kituo cha afya lilikuwa limetoka na mgonjwa mwingine. Pikipiki mkunga wa kijiji aliikataa, kwa sababu ya kovu la upasuaji.

Nilikata simu, nikaenda moja kwa moja kwa Rajabu. Nikamwambia pikapu ya Mzee Kobelo klachi imekufa njiani, kuna mwanamke mwenye uchungu ndani yake, na kwamba Alhamisi niliinusa nikanyamaza. Nilingoja aniambie neno. Alifuta mikono tu, akauliza, "Umeshanunua sahani?"

Tukanunua sahani, kava inayoibana na beringi, tukafunga spana na jeki kwenye pikipiki mbili, tukaondoka. Toka Mlali barabara inaanza kujikunja mlimani, na mvua ya usiku ilikuwa imeacha utelezi. Mara mbili nilikaribia kuanguka. Sikuomba dua ya maana hata moja, Baba. Nilikuwa nahesabu bolti za giaboksi kichwani.

Tulifika saa nne na nusu. Paskalina alikuwa amelazwa kwenye mkeka nyuma ya pikapu, kashika chuma cha ubavuni, hapigi kelele. Wanaume kama kumi walikuwa wamesimama wakizungumza Kiluguru kwa sauti ya chini, wengine wakitaka asubiri gari litengenezwe, wengine wakitaka wambebe kwa machela. Mkunga wao, Mama Getruda, mwanamke mfupi wa makamo, alinifuata kabla sijavua kofia.

"Fundi, itachukua muda gani?"

Ulimi wangu ulikuwa tayari kusema masaa mawili. Ndivyo nilivyotaka iwe, na ndivyo wote walivyotaka kusikia. Akaniona ninavyosita.

"Sema kweli," akasema. "Mimi napanga kwa neno lako."

"Masaa manne, mama. Na kitu kikikataa, matano."

Hakunilaumu. Aligeuka akawaambia wanaume wafunge machela. Wangeanza kupanda naye polepole, wakipokezana, na gari likipona litawakuta njiani. Walimbeba wakaondoka, na Mzee Kobelo akabaki nasi kwa sababu mkunga alimwambia mikono yake imezeeka, alinde gari lake.

Tukazuia magurudumu kwa mawe, tukaliinua juu ya magogo, tukang'oa waya wa betri. Tukafungua propela shafti, stata, fimbo ya gia, halafu bolti za giaboksi, mbili zikiwa na kutu hata Rajabu akazifungua kwa kurefusha spana kwa bomba la chuma. Tuliishusha giaboksi kwa kamba, yeye akiwa amelala chini ameipokea kifuani. Nilipotoa kava, sahani ikaanguka mkononi mwangu. Kitambaa chake cha kushikia kilikuwa kimelika chote, Baba. Riveti zilikuwa zimetokeza na zimechora mistari kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Mzee Kobelo alikuwa amechuchumaa pembeni, akanyoosha mkono, nikampa. Aliigeuza, akaiweka juu ya jiwe.

Hatukuwa na kile chuma cha kuwekea sahani katikati. Rajabu akachonga kijiti cha mpera kwa kisu, tukakipitisha, tukakaza kava kidogokidogo kwa kupishanisha kama ulivyonionyesha. Nikaangalia mara mbili upande wa springi umeelekea wapi. Kisha tukainua giaboksi.

Haikuingia. Ilibaki nafasi ya kama vidole viwili. Tukaitikisa, tukaizungusha, tukaipandisha tena, ikabaki palepale. Mvua ikaanza. Maji yalikuwa yanatiririka chini ya mgongo wangu na Rajabu alikuwa ameikinga giaboksi kwa goti. Akasema tutie bolti, tukaze, itajivuta yenyewe. Nilijua kwamba mara nyingine hujivuta. Nilijua pia kwamba mara nyingine huivunja sahani mpya, na tulikuwa na moja tu.

Nikamwambia tushushe, sahani haijakaa katikati.

Alinitazama pale chini, uso wake ukiwa shibiri moja kutoka kwangu. Kuanza upya ilikuwa ni karibu saa nzima, na sote wawili tulikuwa tunawawaza wale walio kilimani. Nilidhani atabisha. Akasema, "Haya, shusha."

Tukalegeza kava, kijiti kikakaa vizuri zaidi, tukakaza tena. Mara hii giaboksi iliingia kwa mlio mdogo, ikakaa mpaka mwisho. Yaliyobaki tuliyafunga upesi. Nikaweka nafasi kwenye waya, nikaingia, nikavuta handbreki, nikatia gia ya tatu, nikaachia klachi. Injini ikazima papo hapo. Sijawahi kufurahi hivyo kusikia gari likizima.

Ilikuwa imepita saa tisa. Pikipiki tuliziacha kando ya kijito; mimi niliendesha, mzee pembeni yangu, Rajabu nyuma akishikilia magogo ya kuzuia magurudumu ikiwa tutakwama. Tulipanda kona baada ya kona bila kuwaona, na kila kona nilikuwa naogopa ninachoweza kukikuta. Tuliwakuta karibu na kileleni, wamekaa kwenye matope kando ya machela, hoi, mabega ya wengine yamechubuka. Mama Getruda alikuwa ameushika mkono wa Paskalina, na alipoliona gari hakusimama. Alisema tu, "Upesi. Damu imeanza."

Sitakueleza njia yote ya kushuka. Nilikuwa natumia gia ya pili, breki kwa kugusa, huku nyuma namsikia mkunga akimwita Paskalina kwa jina, kila mara, ili amwitikie. Baada ya Mlali akaacha kuitikia. Mzee Kobelo alishika rozari, midomo ikitembea bila sauti. Mimi nikasoma Ayatul Kursiy hadi nikakosea katikati, nikaanza tena.

Saa kumi na moja na nusu tulikuwa hospitalini, na walimpokea mlangoni wakampeleka chumba cha upasuaji. Tulikaa kwenye benchi, mimi na mzee, matope yakitukaukia. Hapo ndipo nilipomwambia. Nilimwambia kwamba Alhamisi ile nilijua klachi imekwisha, kwamba niliinusa tukiwa kwenye mwinuko, na nikanyamaza kwa sababu ya aibu mbele ya wenzangu.

Alikwangua matope kwenye viganja vyake. Kisha akasema, "Mwanangu, na mimi niliinusa. Nina gari miaka ishirini, ile harufu naijua. Ulipogeuza gari bila kusema neno, nikashukuru. Nilitaka kuwahi nyumbani kabla ya mvua."

Tukaendelea kukaa, watu wazima wawili, kila mmoja akiutazama mlango uleule.

Mtoto ni wa kike, Baba. Alitoka hai. Paskalina aliongezwa damu, akalala siku mbili bila kutambua watu, siku ya tatu akaomba uji. Daktari alisema wangechelewa kidogo zaidi asingeweza kuahidi uhai wa mama wala wa mtoto. Kovu la upasuaji wa kwanza lilikuwa limeanza kuachia. Walirudi kijijini wiki iliyopita kwa pikapu ileile. Mzee alipita gerejini kwanza, akataka niipime klachi mbele yake, na Rajabu alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono kifuani, kama kawaida.

Watu wa kule wananiita fundi aliyemwokoa Paskalina. Wameniletea kapu la matunda damu, yale mekundu ya mlimani, na viazi. Nimeyapokea, lakini hayajapita kooni vizuri.

Nisalimie Mama, mwambie nakula na nalala. Nisalimie shangazi Mwamvua wa Urambo, na mjomba Kassimu fundi cherehani. Gauni alilonishonea bado nalivaa Idi. Bibi mbusu mkono kwa niaba yangu. Tatu mwambie asome, asiwe na haraka ya mambo mengine.

Na wewe Baba, uliyelala chini ya malori miaka yako yote, nakuuliza jambo moja. Je, uliwahi kuliachia gari likaondoka ukijua? Nilipokuwa mdogo nilikuona kama mtu asiyeweza kukosea, na nadhani ndiyo maana sikuweza kumwambia Rajabu kwamba nimekosea. Usinijibu kwa kunipoza. Niandikie kwa mkono wako, hata kama ni mstari mmoja.

Mwanao anayekupenda,

Zuhura