Kwa Mama Clarice, Aliyezungumza Ndani ya Filamu Bubu

Mwaka umetimia, Mama, tangu ututoke asubuhi ile ya Machi, chai yako ikiwa bado ya moto mezani. Gazeti moja la London lilikuandikia mistari minne tu: mwigizaji wa filamu bubu, alicheza filamu saba, alistaafu mapema. Tulikasirika, hatufichi. Leo tunaandika wenyewe, wanao wa kuwazaa, tuliokusumbua kila Krismasi utusimulie tena.

Kabla ya kuwa mwigizaji ulikuwa mfumaji. Tangu ukiwa na miaka kumi na mitatu ulisimamia mitambo katika kiwanda cha nguo pale Burnley, ambako kelele humeza hata mayowe. Wanawake wa kiwandani huzungumza kwa midomo bila kutoa sauti, na umbea wa siku nzima huvuka kutoka ukuta hadi ukuta. Wewe hukuacha mazoea hayo mpaka uzeeni. Kanisani ulitugombeza bila kufungua sauti, nasi tuliokaa safu sita mbele yako tulijua tukigeuka tu tumekwisha.

Mwaka 1921, katika wiki ya likizo ambayo viwanda vyote hufungwa na mji mzima kuhamia ufukweni Blackpool, mtengenezaji filamu mmoja alipungukiwa na msichana wa kutoa machozi mbele ya kamera. Ukajitolea. Akasema hajapata kuona uso unaosema waziwazi namna ile, akakutaka London. Bibi Hannah, mama yako, mtu wa kanisa na mkali kama pilipili, alikwambia: "Ukipanda treni hiyo, usiniite mama tena." Ulipanda. Barua zako zote zikarudishwa bila kufunguliwa, na jambo hilo lilikuuma kuliko ulivyokubali kusema.

Katika filamu ya kwanza kule London ulikuwa binti wa tajiri, ukiagana na mchumba. Huyo mchumba alikuwa jamaa mtanashati, ila alipenda vitunguu vibichi. Maandishi kwenye pazia la sinema yalisema, "Nitakungoja milele." Midomo yako ilisema, "We mwanamume, leo umekula vitunguu vingapi?" London watu walitoa leso. Burnley, ukumbi mzima wa wafumaji uliangua kicheko hadi mpiga piano akashindwa kuendelea. Mwenye ukumbi alilalamika kwa kampuni, ukaitwa ofisini na kuonywa kwamba ukirudia kusema lisiloandikwa, kazi huna.

Mwingine angefyata mkia. Wewe ulitoka mle ofisini ukiwa umeng'amua kwamba kuna barua moja ambayo Bibi Hannah hawezi kuirudisha posta.

Filamu ya tatu ilikuwa na mahali unaposimama dirishani, uso wako umejaa pazia lote la sinema, ukimuaga kapteni anayekwenda vitani. Ulijua unachezea mkate wako. Ukasema hivyo hivyo.

Bibi Hannah alikuwa hajawahi kutia mguu sinema. Miaka thelathini ya mitambo ilikuwa imemuua masikio, lakini midomo aliisoma kuliko mtu yeyote mtaani. Jirani yake, Bertha Shuttleworth, alimvuta mkono alasiri moja akimwambia, "Twende, Hannah. Kama ni aibu, uione mwenyewe, usisimuliwe."

Walipofika pale dirishani, maandishi yalisema, "Kwaheri, kapteni wangu." Wewe ulikuwa ukisema: "Mama, ni mimi Clarice. Sijafanya la kukutia aibu. Niruhusu nije nyumbani." Safari hii hakuna aliyecheka. Wanawake wote wakageuka kumtazama Bibi Hannah. Naye akasimama, na kofia yake kichwani, akalijibu pazia kwa midomo: "Njoo."

Kampuni haikugundua kamwe. Wewe pia hukujua, mpaka ulipopata barua ya Bertha: "Clarice, mama yako amekuja sinema siku sita mfululizo. Kila siku anasimama anakujibu, nawe huoni. Panda treni, mwanangu."

Jumapili ulikuwa mlangoni kwenu. Bibi Hannah alifungua, akakutazama juu mpaka chini, mikono ameifumbata.

"Mwishoni uliinamisha kichwa," alisema. "Maneno ya mwisho sikuyapata. Nimerudi siku zote hizo kuyatafuta."

Ukamshika mashavu, ukamwambia taratibu, mbele ya macho yake: "Nilisema nimekukumbuka, Mama."

Nasi tumekukumbuka, Mama, na tunajivunia kuwa wako: wanao Doreen na Stanley, mkaza mwanao Phyllis, wajukuu zako Hilary, Trevor na Clarice mdogo, na mdogo wako Edna, aliyekuwa ukumbini siku ile. Hutatutoka moyoni daima.