Mvua ya Jumamosi Kiogoro

Bi Mshauri, nisaidie kabla ya Ijumaa. Mimi ni karani wa kituo cha kilimo hapa Kiogoro, na kila siku saa tatu asubuhi namimina maji ya kipima mvua kwenye gilasi, nasoma, naandika kwenye fomu, na mwisho wa mwezi fomu inakwenda Nairobi. Sasa mimi ni Msabato, tena shemasi, Jumamosi siendi kazini hata ikinyesha mawe, kwa hivyo Jumapili nakuta maji ya siku mbili, nayagawa katikati, nusu Jumamosi nusu Jumapili, na nimefanya hivyo miaka sita bila mtu kuuliza. Kumbe Nairobi wameanza kuingiza fomu zetu za zamani kwenye kompyuta, mashine inayojaza chumba kizima, wanatafuta kujua kama mvua ya huku Gusii inapungua, na hiyo mashine imewaambia kwamba Kiogoro Jumamosi na Jumapili mvua hulingana kila wiki. Mkubwa wetu, anayedhani Jumamosi mlinzi ndiye hunisomea gilasi, akasema kuna mtu anachezea kipimo, na anayekuwepo Jumamosi ni mlinzi peke yake, Machogu, Mkatoliki, mtu mpole. Ijumaa anafukuzwa. Jana aliniambia, "Karani, wewe unanijua, niombee kwa mkubwa," nami nikasema nitamwombea. Nikisema kweli nitafukuzwa mimi, na kanisani nitaonekana mwongo, na mke wangu Eucabeth ananiambia nyamaza, Mungu anajua nilikuwa natunza siku yake. Nifanye nini?

Manasseh, Kiogoro, Machi 1974

Manasseh, pole, lakini nakupa nusu ya pole tu.

Kupumzika Sabato si kosa. Kosa ulilifanya Jumapili, kalamu mkononi, macho makavu. Nimemuuliza mtu wa hali ya hewa, akanijibu bila kufikiri mara mbili: Jumamosi huachwa wazi, na Jumapili huandikwa kwamba haya ni maji ya siku mbili. Basi! Kompyuta haikasirikii nafasi tupu. Lakini ukiipa uongo itaujumlisha kwa bidii ileile, na kuna watu watakaopanda chai kwa hesabu hizo.

Na huyo Machogu! Eti utamwombea! Ebo, anahitaji sentensi moja tu kutoka kinywani mwako. Eucabeth anasema Mungu anajua. Naam, anajua. Asiyejua ni mkubwa wako, nenda ukamwambie.

Usingoje Ijumaa. Kesho ukishapima, toa nakala za fomu zote zilizobaki kituoni, zungushia kwa wino mwekundu kila Jumamosi uliyoitunga, uzipeleke kwa mkubwa, na Machogu awe amesimama hapo asikie. Kazi inaweza kukutoka, sikufichi. Ukibakizwa, mfundishe Machogu kusoma gilasi. Jumamosi yeye yupo. Amekuwepo miaka yote sita, na hukumuuliza hata mara moja.