Kundi ni la Mbuzi

Jumapili. Mvua tangu asubuhi, mtaa wetu wa Buterere wote umekuwa matope, na suruali yangu ya suti inachuruzika kwenye kamba humu ndani ya nyumba. Dada yangu Furaha hataki kuniongelesha. Mi nimelala chali, nacheka peke yangu.

Jana nilikuwa msemaji wa mahari ya mdogo wangu Bahati, kule Kibenga kando ya ziwa, kwa kina Aline, mchumba wake. Desturi ya hapa ni kwamba wazazi wa pande zote mbili wanakaa kimya kama picha ukutani. Wasemaji wawili ndio wanaopimana kwa maneno matamu, wanasifu ng'ombe ambao hakuna hata mmoja aliyewaona. Furaha alitaka aende binamu yetu anayefundisha chuo. Nikamwambia shule niliiacha mapema ili nisiichoshe, lakini mi nimekula Uvira, nimelala Kalemie, nimetongoza Kigoma. Maneno ninayo.

Baba yake Aline alikuwa ametuonya: tukija kuongea ovyo, turudi na vinywaji vyetu, na Bahati atafute kwingine.

Sasa, kosa langu. Wao wanaliita kosa.

Kwenye mahari mnakwenda wajumbe wachache mliopatana, na viti vinapangwa kwa hesabu hiyo. Mi nikaja na Fuso, lori zima la watu. Nilikuwa nimewaambia majirani twendeni, na Buterere ukiiambia twendeni haiulizi nafasi ziko ngapi. Wakashuka na vitenge vyao vya sikukuu, wengine viatu mkononi, wakajaza ua mpaka kwenye maua.

Msemaji wao, mzee mmoja wa miwani ya dhahabu, akaangalia viti, kisha akatuangalia sisi. "Tuliomba wajumbe," akasema taratibu. "Naona mumetuletea kundi."

Watu wake wakacheka. Bahati akainamisha kichwa.



"Mzee wangu, kundi ni la mbuzi," nikamjibu. Nikamkumbusha kwamba yeye ni jirani ya viboko, jioni wanatoka ziwani kuja kula majani ya bustani yake. Wale ni kundi? Wanakaa majini mchana kutwa, wanapiga miayo, hawaamui kitu: lile ni baraza. Yangeyange kwenye mashamba yetu ya mpunga, weupe, shingo zimenyooka, kila mmoja anaogopa kujichafua: ile ni komunyo ya kwanza. Vyura wa kwetu wanaimba mpaka alfajiri na hakuna wa kuwaambia amina: lile ni kesha. Hata siafu, nikasema, wale ni msafara wa waziri, maana wakipita wote munapisha.

Watu wakacheka tena, ila safari hii walicheka upande wangu. Mzee akavua miwani, akaifuta pole pole. Si mjinga yule.

"Vizuri, ndugu yangu. Na hawa uliokuja nao, wanaitwaje?"

Shajara, wewe sikufichi.  Mi niliyekuwa nabatiza wanyama kama padri, watu wangu mwenyewe nilikuwa sijawapa jina. Nilimwona Bahati ananiangalia, na katika macho yake Aline alikuwa anakwenda zake.

Nikaacha utani. Nikasema jina sina. Nikasema tu kwamba maji yalipoingia kwetu, Bahati alibeba magodoro ya hawa watu mgongoni mpaka barabarani, na wazee wao, na yule bibi pale pamoja na kuku wake. Sasa wamesikia anaoa. Wamekuja.



Kisha baba yake Aline, ambaye desturi inamkataza kufungua mdomo, akaufungua.

"Hao ni wakwe," akasema. "Na mukwe hasimami. Leteni mikeka."

Bahati alilia kama mutoto. Mi sikulia, jasho tu lilipita machoni.

Furaha anashikilia kwamba nimeaibisha ukoo, kwamba tumepona kwa bahati tu. Amenitumia ujumbe kupitia mke wangu, na Furaha mwenyewe amekaa chumba cha pili: siku ya harusi waje wenye karti za mwaliko peke yao, kama watu wenye akili.

Apana.

Kesho, inyeshe isinyeshe, naenda kumwona mwenye Fuso. Nataka kumuuliza kama ana kubwa kuliko ile.