Bwana Yangu wa Hispania

Carama, Bujumbura

Mudogo wangu Fabiola,

Nakusalimia katika jina la Yesu. Uko muzima pale Bukavu? Mugongo umepunguza kuuma? Na shemeji, angali anabishana na redio? Sisi hapa tunapumua, Mungu asifiwe, ijapo mvua imetuingilia ndani.

Uliniuliza kwa nini siku hizi sauti yangu ni baridi. Kwa simu nilishindwa kusema, ndiyo maana naandika.

Unajua mujukuu wangu Mateo, mutoto wa Jérémie wangu kule Hispania, anasema Kihispania peke yake. Kila walipopiga video, mi nilichekea kioo cha simu tu kama mujinga. Jérémie alisema hana wakati wa kumufundisha Kiswahili. Basi nikaona, kama mutoto hawezi kuja kwangu, mi nitaenda kwake. Parokiani kuna masera muzee, mutawa aliyetoka Hispania, Masera Pilar. Nikamuomba anifundishe. Kila Jumamosi, kwaya ikiisha, nilimuchambulia maharage naye ananisahihisha. Ulimi wangu mugumu kama ugali wa jana! Danielle wa kwaya alinitania mbele ya wamama kwamba mujane huyu anatafuta muzungu. Nikamujibu kwamba ninaye tayari, ana miaka mitano, na ni bwana yangu.

Si unajua kwetu koko humwita mujukuu wake mwanaume bwana yangu? Hilo ndilo nilitaka kumuambia kwanza. Masera alicheka sana, akasema kule watashangaa, lakini alinifundisha. Nililirudia nikifagia, nikipika, hata katikati ya rozari, Mungu anisamehe. Jérémie sikumuambia kitu. Nilitaka afurahi kwa ghafla.

Siku ya Pasaka akapiga. Mateo akachungulia, akamuuliza baba yake kwa lugha yao mama huyu ni nani. Jérémie, huku ananichekea, akamujibu kwamba ni yaya aliyemulea zamani. Mutoto akauliza, na mama ya papa yuko wapi? Akajibu kwamba alikufa kitambo, wakati wa vita. Muke wake alikuwa anapita nyuma na sahani, hata hakugeuka. Kwake hiyo haikuwa habari mpya. Kisha Jérémie akaniambia kwa Kiswahili: mama, Mateo anakusalimia.

Fabiola, nilielewa yote. Apana neno moja lililonipita. Nilitoa jasho Jumamosi zote zile ili nifike pale.

Nisikufiche nilichofanya. Nilisogeza uso, nikamuambia Mateo kwa Kihispania, polepole, kwamba ndiyo, mi ni yaya. Kwamba baba yake alipenda ndizi za kukaanga na kuogopa radi. Na kwamba mama yake alimupenda mpaka siku ya kufa. Mutoto akapiga makofi. Jérémie akakauka uso, simu ikakatika. Tangu siku ile hajapiga.

Lile neno, bwana yangu, sikulisema. Hilo ni neno la koko. Yaya hana ruhusa nalo. Lingali mudomoni.

Najua atakupigia wewe, juu wewe anakuheshimu. Usimutukane, ni mutoto wetu. Muulize tu nilikufa tarehe gani, nimuombe padri misa.

Nisalimie shemeji na watoto, Bwana awalinde. Nijibu upesi, tafadhali.

Dada yako,
Odette