Hirizi ya Mama Mkwe kwenye Usukani

Jumanne, Mangarivotra

Bado nina hasira. Leo asubuhi nilikuwa naingiza pikapu kinyumenyume kwenye kivuko cha Katsepy, mama mkwe amekaa pembeni yangu. Nikazungusha usukani, magurudumu hayakuitika. Tairi la nyuma lilisimama ukingoni kabisa. Kidogo tu tungekuwa majini.

Na nimeshapeleka gari kwa kila fundi! Wote wanakaza skrubu ya juu, kwenye boksi la usukani, wanasema tayari. Chini, kwenye kiungo cha gurudumu la kushoto, hagusi mtu. Mama mkwe alifunga hirizi pale kwa kamba siku tuliponunua gari, na mtaa mzima unajua ni yake. Watu wazima wanaogopa kamba!

Kwani Mungu amekataza spana?

Mchana nikaingia chini ya gari mwenyewe, na kisu. Mama mkwe akaja kusimama kando, nikawa naona miguu yake.

"Mwanangu, usiikate. Hiyo ndiyo inayolishika gari."

"Mama, gari linashikwa na nati."

Nikakata. Kiungo kikachomoka, kikaniangukia kifuani. Nati haikuwepo, sijui ilidondoka lini. Kilichokuwa kimekishikilia ni ile kamba.

Nimefunga kiungo kipya, na nati yake. Usukani sasa hauchezi hata kidogo.

Mama mkwe ameniletea wali, na juu ya kawa iliyoufunika ameweka hirizi mpya. Kamba yake ni nene kuliko ya kwanza.