Ziwa ni Moja, Tumpe

Tumpe, mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, kisha mtu anasema sisi huku wazima. Hali yako naijua. Uko nyuma ya nyumba ya mama yako, kwenye migomba, chini ya saruji niliyoikoroga kwa mikono yangu. Na sisi huku si wazima sana. Mvua haijakata wiki ya pili sasa. Mama yako magoti yanamsumbua. Mimi bado dalali wa maparachichi, na hakuna dalali mkubwa kunizidi toka Kisondela mpaka Tukuyu, hata wazungu wenyewe wakija huuliza kwanza... Basi, basi. Nimeanza tena. Kalamu nayo imepata mdomo wa mwenyewe.

Nakuandikia kwa sababu jana nilikwenda Matema.

Ndiyo. Mimi. Matema.

Unakumbuka mwaka ule wa corona uliporudi toka hospitali na moyo wako uliovimba. Daktari alibadilisha dawa, akatuambia pembeni, mimi na mama yako: "Kwa sasa ana nguvu kidogo. Kama kuna kitu anatamani, msikicheleweshe." Jioni tumekaa jikoni, mama yako anamenya ndizi, majirani wamekuja kukuona, nawe ukasema, "Natamani kulala kwenye mchanga wa moto. Nimechoka na baridi."

Nani akafungua mdomo? Mimi. "Nitakupeleka ufukweni Malawi! Likizo ya nchi za nje!"

Ningesema nini kingine, mwanangu? Toka uko mdogo nilikuwa nakusimulia Malawi. Nilivyovuka na lori la ndizi, nikaoga ziwani mbele ya hoteli, mamba akaja, nikamzaba kofi, akalia, ndiyo maana mpaka leo watu husema machozi ya mamba. Kijiji kizima kiliniita Mjomba Mamba, nami nikaitika.

Ukachukua daftari ukapanga safari. Viazi vya Isongole vya kuchemsha njiani. Sweta mbili za kuvaa mpaka Kyela, halafu kuzivua. Kofia pana. Ukamtuma mama yako mnadani Tukuyu akuletee nguo ya kuogelea ya mtumba, akarudi na ile ya bluu ameifungia ndani ya kanga kama kitu cha wizi. Akauliza, "Hii ni nguo au kitambaa cha kufutia kioo?" Ulicheka, Tumpe. Sikuwa nimekusikia unacheka toka Pasaka.

Halafu redio ikasema mpaka umefungwa. Wanapita wa malori ya mizigo tu, mtu wa matembezi arudi kwao.

Mama yako akasema, "Kaka, mpeleke ufukweni Matema, upande wetu huku. Si maji yale yale?"

Nikashika kiuno mbele ya watu. "Matema huenda mtu anayefuata dagaa! Na maji si yale yale. Upande wetu ni ya kunywa, upande wa kule ni chumvi tupu. Mpaka umepita katikati."

Majirani walicheka mpaka wakashikana mabega. Wewe ulicheka ukishika kifua. "Mjomba, ziwa ni moja."

"Nani kakwambia?"

"Ramani."

"Ramani wamechora watu ambao hawajafika!"

Ukaniangalia. Ulinihurumia, sasa ndiyo naelewa. Ukasema polepole, "Hata Matema inatosha, mjomba."

Mwendo wa saa tatu tu, mwanangu. Pikapu ya maparachichi ilikuwa hapo nje, imesimama, biashara yenyewe imelala kwa sababu ya ugonjwa. Ningekutandikia godoro nyuma. Lakini kukupeleka Matema ilikuwa kukubali kwamba ziwa ni moja, na kukubali hivyo ilikuwa kukiri kwamba sijafika. Nikasema, "Tulia. Wakubwa wa mpakani nawajua."

Nikaenda Kasumulu, mpakani. Niliporudi nilikuambia nimekunywa chai na mkubwa wao, kanishika bega, kasema wiki ijayo. Ukweli ni huu. Nilisimama kwenye uzio pamoja na akina mama wauza karanga. Kijana mmoja mwenye sare, barakoa iko kidevuni, akaniuliza, "Mzee, unakwenda kufanya nini huko?" Nikamwambia, kupumzika ufukweni na mgonjwa wangu. Hata hakunikaripia. "Rudi nyumbani, mzee. Hatujui utafunguliwa lini."

Hatujui. Hilo ndilo neno alilonipa. Mimi nikalifikisha nyumbani limekuwa wiki ijayo. Mara nne nililifikisha hivyo.

Kila mara ulikuwa unapanga begi upya. Mwishoni hukulipangua tena, likakaa miguuni mwa kitanda. Kisha miguu ikavimba, kandambili zikakataa kuingia. Wiki ya tano hukuniuliza habari za mpaka. Ulisema, "Mjomba, nisimulie ule wa mamba." Nikakusimulia. Ukasinzia kabla sijafika kwenye kofi. Siku ya tatu yake ukaondoka, mvua inanyesha, umevaa sweta zote mbili.

Msibani walikuja wachache, ndoo ya maji na sabuni getini, hakuna kushikana mikono. Wamama wa kanisani walitaka ile nguo ya bluu itupwe. Nikasema iwekwe, mimi ndiye mjomba. Ikawekwa, chini ya kichwa chako. Ni jambo moja nililofanya sawasawa. Kisha mama yako akasimama mbele ya watu, akasema, "Kaka yangu alihangaika sana na huo mpaka." Macho yote yakanigeukia. Mdomo huu, Tumpe, ambao haujawahi kukosa neno, ungeweza siku ile kukosa. Badala yake mdomo ukasema, "Wangetufungulia siku mbili tu." Watu wakatikisa vichwa, wakaulaani ugonjwa. Nikawaacha waulaani.

Mpaka ulifunguliwa zamani. Watu wanakwenda na kurudi. Wananitania barabarani, "Mjomba Mamba, wamefungua, unavuka lini?" Nawajibu nina kazi nyingi.

Jana kazi ziliniishia. Niliendesha peke yangu. Nilivua viatu, mchanga ukaniunguza, nikawa naruka kama kuku aliyekanyaga majivu. Ni wa moto kweli, mwanangu. Nilikaa palipo na kivuli kidogo, pale ambapo ningekulaza. Nikateka maji kwa kiganja, nikanywa. Nikamwuliza mama mmoja aliyekuwa anasugua sufuria, "Mama, kule upande wa Malawi maji yakoje?" Akaniangalia kama mgonjwa. "Si haya haya, baba?"

Nilichota mchanga ndoo nzima. Ulikuwa wa moto, ndoo yenyewe ilichoma paja. Nilipofika kwako mchanga ulikuwa umepoa. Nikaumwaga juu ya saruji hivyo hivyo, na mvua ikachukua nusu yake kabla sijasimama.

Sasa nakuahidi, na sina mamba wa kuchomeka hapa. Jumapili tukitoka kanisani, majirani wale wale watakuwa jikoni kwa mama yako. Nitasimama pale pale niliposhika kiuno. Nitasema nilikuwa utingo, lori likaishia kwenye daraja la mpakani, tukashusha ndizi, nikageuka. Nitasema Matema ilikuwepo, uliiomba kwa mdomo wako, nikakunyima ili nisichekwe. Mama yako anaweza kunifungia mlango. Ni mlango wake.

Kisha nitakwenda kuchota tena. Na nikirudi, nitauleta umepoa, maana hata nikikimbiza gari vipi, wewe uko mbali kuliko Malawi.

Ndaga, mwanangu, kwa kunisikiliza miaka yote ile huku unajua. Pumzika.

Mimi mjomba wako, ambaye hajavuka.