Mibuni Niliyomchagulia Mwanetu

Akheri, Meru
Jumapili, baada ya ibada

Mke wangu mpenzi, Mama Neema,

Nakusalimu nikiwa na moyo mweupe. Hujambo? Kile kikohozi kimekuacha au bado kinakusumbua alfajiri? Na mama mkwe, macho yake yanaendeleaje? Mimi ni mzima, ukiondoa uchovu, na huo nitausema huko mbele.

Habari ya Neema kufaulu umeshaisikia kwenye simu. Ulipiga vigelegele mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. Nilitaka kukueleza sehemu yangu lakini hukunipa nafasi, ndiyo maana naandika. Mwanetu amepata digrii ya pili ya hisabati na takwimu, na ilibaki kidogo tu baba yake aiharibu. Hilo yeye hakukuambia. Alinisitiri.

Unajua huu ni mwaka wa sita nalima, napalilia na kuchuma kahawa kwa Mzee Kaaya. Mwezi wa tano Neema alipanda huku kutoka Kimandolu, alikopanga chumba. Akasema kazi yake ya mwisho ya chuo inahusu chulebuni, ule ugonjwa unaotia matunda ya kahawa madoa meusi yakaoza yangali mabichi. Shamba letu lilikuwa mojawapo ya mashamba yake. Aliipa mibuni yote namba, kompyuta ikapiga kura, ikatoa mibuni arobaini. Akaifunga vitambaa vyekundu. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu kila Jumamosi matunda mazima na matunda mabovu ya mibuni hiyo, na kuandika kwenye daftari.

"Kuhesabu tu, baba," aliniambia. "Usifanye kitu kingine."

Basi nikafanya kitu kingine.

Mama Neema, hiyo kura iliangukia miti ya aibu. Mmoja ulikuwa nyuma ya choo. Mwingine ulikuwa umeinama mferejini kama mlevi. Mmoja ulishakufa kabisa. Mzee Kaaya alipita akaona vile vitambaa, akasimama.

"Yohana, mtoto ametoka chuo kikuu na kompyuta yake, wewe unampeleka kwenye kahawa ya chooni?"

"Ni kura, Mzee."

"Kura gani? Watu wa chuo wataniona mvivu. Na wewe ndiye unayepalilia, watakuona mvivu zaidi."

Maneno yale yaliniingia. Huku mgeni akija shambani hupitishwa kwenye mistari iliyopogolewa vizuri, na mimi mwenyewe nimewapitisha wengi. Nikavifungua vile vitambaa, karibu nusu yake, nikavifunga kwenye mibuni yenye afya. Niliona nampa mwanangu heshima. Kila Jumamosi nilihesabu kwa uaminifu kabisa, ila nilihesabu miti mingine.

Mwezi wa saba Neema alikuja bila taarifa. Mwalimu wake alikuwa ameangalia hesabu za Akheri akamwuliza, "Shamba hili halina ugonjwa, au halina mhesabuji?" Neema akaniamkia, hata chai hakunywa, akaingia shambani na karatasi yake. Nikamsikia anaita.

"Baba! Huu mbuni wa kumi na saba ulikuwa nyuma ya choo. Umetembea?"

Nikamwambia kweli. Nilidhani atacheka. Alikaa chini kwenye majani yenye umande, na sketi yake nzuri. Halafu akasema wachumaji wakianza Jumatatu hakutabaki kitu cha kuhesabu, itabidi angoje msimu mwingine, na ufadhili wake unaisha mwezi wa tisa. Bila Akheri hana kazi ya kupeleka. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

"Lakini nilikuchagulia iliyo mizuri," nilimwambia. Nilikuwa bado sijaelewa.

"Baba, unamkumbuka mnunuzi wa alizeti nyumbani? Yule mwenye chuma chenye tundu?"

Namkumbuka, na wewe unamkumbuka. Tulikuwa tunaweka alizeti safi mdomoni mwa gunia, na makapi katikati, naye akachoma chuma katikati kabisa akatuchekea mbele ya watu.

"Mimi ndiye yule mnunuzi," akasema Neema. "Na wewe umenijazia mdomo wa gunia."

Hapo nilielewa, hata mimi niliyeishia darasa la tano. Nilijisikia vibaya kuliko siku ile ya gunia.

Tukaenda wote wawili kwa Mzee kumwomba asichume mibuni arobaini kwa siku chache. Akakataa. Wachumaji ameshawaita, na tena, "Chuo kizima kijue kwamba shamba la Kaaya lina chulebuni?"

"Shikamoo, Mzee," alisema Neema, maana kwa haraka alikuwa hajamwamkia. "Jina lako halitaandikwa popote. Litaitwa Shamba la Tatu."

"La tatu? Kwa nini lisiwe la kwanza?"

Mkewe alikuwa anamenya ndizi pale mlangoni. Akacheka mpaka kisu kikamponyoka. "Baba, mwache mtoto. Wachumaji waanzie juu, huku chini waje Alhamisi. Au unataka aandike kwamba shamba la tatu lina mzee mbishi?"

Mzee akakuna kidevu, akasema sawa, lakini mbuni wa nyuma ya choo tuuhesabu kwanza ili auchume mapema asiendelee kuuona.

Tulihesabu siku tatu kwenye manyunyu, ukungu umeshuka mlimani mpaka tunaitana bila kuonana. Neema alisoma namba, mimi nikafunga kitambaa. Tulipofika kwenye ule mbuni uliokufa nikataka kuuruka, kwa kuwa hauna hata tunda moja.

"Andika sifuri, baba."

Nikaandika sifuri. Zile hesabu zangu za mwanzo akazitenga, hakuzitupa.

Sasa, siku ya kutetea kazi yake mbele ya walimu chuoni aliniambia nije. Nilivaa koti la Mzee, mikono mirefu kuliko yangu, nikakaa nyuma kabisa. Ukutani waliwasha maandishi ambayo sikujua yasomwe kutoka upande gani. Lakini mwanetu aliyaeleza kama anayesimulia safari ya sokoni. Mwalimu mmoja mwanamke, miwani puani, akauliza kwa nini shamba la tatu lina hesabu za namna mbili zisizofanana hata kidogo.

"Mhesabuji alihamisha vitambaa kwenye miti mizuri," alijibu Neema. "Kosa ni langu. Nilimwambia ahesabu, sikumwambia kwa nini. Nimeliandika kwenye sura ya nne. Mhesabuji yupo, amekaa kule nyuma. Ni baba yangu."

Watu wote wakageuka. Yule mwalimu akaniuliza kama nina la kusema. Nikasimama, mikono ya koti ikafunika vidole.

"Niliona haya kumpa mtoto wangu miti mibovu," nilisema. "Mara ya pili nimehesabu yote. Hata uliokufa nimeuandikia sifuri."

Wakacheka, kicheko kizuri. Yule mwalimu akaandika kitu, akasema, "Asante, mzee. Kaa." Walitutoa nje kidogo, na walipotuita walimpa mkono mmoja mmoja. Kisha yule mwalimu akaja mpaka nyuma akanipa na mimi mkono, mkono huu wa jembe. Nililia, Mama Neema. Neema atakuambia ni vumbi, usimwamini.

Na kwa kuwa nimeshaanza kusema, nimalizie. Miaka yote nakuandikia kwamba sina shida. Goti la kulia limechoka, siku za baridi nashuka mteremko kinyumenyume, na kuna jioni nalala bila kula kwa kukosa nguvu ya kuwasha moto. Nimemwambia Mzee nitamaliza msimu huu, basi. Amenuna siku mbili, ya tatu akanipa miche ya migomba. Krismasi nakuja na Neema, na safari hii sirudi.

Nisalimie mama mkwe, mwambie walimu wa mjukuu wake sasa wanamwita mwalimu mwenzao. Nisalimie shemeji yangu fundi seremala, na kaka yangu mkubwa anayenitunzia shamba, umwambie aanze kuniachia sehemu nilime mwenyewe. Salamu pia kwa mwinjilisti wetu na jirani mama wa kisimani.

Andaa mahali pa kupanda hiyo migomba, karibu na maji. Kati ya ile miche, miwili ni dhaifu. Nakuja nayo yote.

Mimi mumeo,
Yohana, Baba Neema